Uzee Si Ugonjwa

Kila mzee aliyefariki kijijini kwetu alifariki kwa uzee. Ndivyo nilivyoandika mimi mwenyewe, Klementina, muuguzi wa zahanati, kwa mwandiko wangu mzuri niliofundishwa na masista: uzee, uzee, uzee, mistari arobaini na mmoja. Fomu zilikwenda Mpanda na lori la mpunga mwezi wa nne mwaka sabini na saba. Mwezi wa sita zikarudi na lori lile lile la mpunga, zimekatwa kwa mstari mmoja mrefu wa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Pembeni daktari wa wilaya alikuwa ameandika: "Uzee si ugonjwa. Rudia."

Nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, hilo kijiji kizima kinajua. Nilikuwa na wajawazito wa kupima, watoto wa kuchanja, na jiko la kuchemshia sindano lililovuja mafuta ya taa, halafu mtu aliyekaa kwenye kiti huko Mpanda ananiambia nirudie! Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikaisoma vizuri barua aliyoiambatanisha na fomu, nikaona kwamba swali lake lilikuwa na maana. Alitaka kujua kama wazee waliozaliwa zamani zaidi wanakufa kwa maradhi yale yale yanayowaua wadogo zao. Kwa kila mzee aliyefariki katika miaka kumi iliyopita, niandike jina, mwaka wa kuzaliwa na sababu ya kifo. Basi.

Mwaka wa kuzaliwa haukunipa shida. Hakuna mzee wa kwetu Mpimbwe aliyekuwa na cheti, lakini kila mmoja alikuwa na tukio lake. Wale wakubwa kabisa walizaliwa miaka ile nyati walipokufa ovyo porini kwa tauni, kwa hiyo tuliwaita watoto wa nyati. Waliowafuata walizaliwa wakati wa vita ya Mjerumani, baba zao walipokamatwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Hao ni watoto wa upagazi, na baba yangu, Mzee Gaspar, alikuwa mmoja wao.

Shida ilikuwa sababu ya kifo. Ukienda kwa wafiwa ukauliza mzee alikuwa anaumwa nini, wanakuambia, "Uzee tu, mama. Uzee." Si kwamba hawajui. Ukisema mzee aliumwa tumbo miezi minne, mtu atauliza nani alikuwa anampikia. Ukisema miguu ilivimba, mtu atauliza watoto walikuwa wapi. Uzee haumlaumu mtu, na kila mmoja anarudi shambani kwake kwa amani.

Na kusema kweli, neno hilo lilikuwa limeanza kunitia hofu nyumbani kwetu. Tangu kiangazi kianze baba alikuwa anapungua. Mkanda wake alikuwa ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Alichechemea kidogo akidhani hatumwoni, na ukimuuliza alikuwa na jibu moja: "Uzee tu, mama yangu." Aliniita mama yangu kwa sababu nina jina la mama yake. Mimi niliyewahoji wagonjwa mia tatu kwa mwezi nilishindwa kumhoji mmoja. Binti hamuulizi baba yake habari za choo wala za mwili wake. Ningefungua mdomo, angeinuka na kuondoka, na mama yangu angenisema hadi Krismasi.

Hapo ndipo nilipokuwa, nikikaribia kuandika uzee mara ya pili, tena kwa herufi kubwa kumkomoa daktari, nilipomkumbuka Bibi Romana.

Kwetu kila ukoo una watani wake, na msibani mtani ndiye mwenye shughuli. Siku ya kuanua tanga anavaa nguo za marehemu, anashika fimbo yake, anaingia uani akitembea kama yeye. Anakohoa kama yeye, anagombana na mjane kama yeye, anaanguka pale alipoangukia yeye. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini mtani hawezi kutia chumvi. Akikosea hata kikohozi, watu wanamzomea na kuku wake hapewi. Kwa hiyo mtani anaangalia. Anamwangalia mtu miaka na miaka, akijua iko siku atamcheza.

Bibi Romana alikuwa mtani wa ukoo wetu. Alikuwa mwembamba, meno mawili ya mbele hana, na alikuwa amewacheza wafu wetu wote tangu mimi niko darasa la kwanza. Nilimkuta kibarazani kwake anapeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mtoto wa maiti wangu. Hajambo huyo maiti?"

Ndivyo alivyomwita baba kwa miaka arobaini. Baba naye alimwita mchimba kaburi. Mama alishazoea.

Nilimweleza habari ya fomu. Aliweka ungo chini, akafikiri, akaniuliza kama daktari huyo ni mtani wa mtu yeyote. Nikamwambia sijui. "Haya," akasema, "andika." Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, na pale pale kibarazani, jua limewaka, akaanza kuwafufua ndugu zangu.

Alimcheza shangazi Josephina, mtoto wa nyati, aliyetetemeka chini ya mablanketi manne mchana wa mwezi wa kumi na mbili. Nikaandika homa. Alimcheza babu Krispini, mtoto wa nyati, akikimbilia migombani ameshika tumbo, anarudi, anakimbia tena, kila safari hatua zinapungua. Nikaandika kuhara. Akakohoa kikohozi cha mjomba mpaka nikamwomba aache, maana nilikisikia tena kama nilivyokisikia utotoni. Nililia kidogo, kisha nikacheka, kisha nikaandika kifua.

Baada ya hapo nilizunguka kwa watani wa koo nyingine. Kijiji chetu kilikuwa kimesogezwa barabarani miaka miwili nyuma, nyumba zote zimepangwa mistari, kwa hiyo sikutembea sana. Kwa wiki tatu nilionyeshwa vifo arobaini na kimoja kwenye vibaraza na chini ya vihenge. Mzee Telesphor, ambaye mgongo hauinuki, alimcheza mtani wake akiwa amekaa kwenye kigoda, na bado nilimtambua marehemu. Sijawahi kufanya kazi ya ofisi iliyonifurahisha namna ile.

Nilipopanga karatasi mezani, watoto wa nyati upande huu na watoto wa upagazi upande ule, niliona jambo. Watoto wa nyati walikuwa wamekufa kwa homa, kuhara, kifua, na mmoja kwa kuumwa na kiboko mtoni. Wengi walikuwa wamepita miaka themanini, na walikwenda haraka, wiki moja au mbili. Watoto wa upagazi walikuwa wanakufa wadogo kuliko kaka zao, na kwa namna nyingine kabisa. Watu wanne kati yao walichezwa wakianguka upande mmoja, mdomo umepinda, mkono unaning'inia. Watatu walichezwa wameshika kifua. Na wawili walichezwa wakinywa maji.

Kuhusu hao wawili sikuelewa. Mmoja alikuwa Bartolomeo, mtoto wa baba mdogo wa baba yangu, aliyezaliwa naye mwaka mmoja na kurina naye asali tangu ujana. Kidonda cha mguu kilimpeleka Mpanda akiwa amechelewa mno. Aliondoka na miguu miwili, akarudi kwenye jeneza na mmoja. Siku Romana alipomcheza, uwanja mzima ulicheka isipokuwa baba. Nilidhani ni uchungu wa ndugu.

Nilirudi kwa Romana kumuuliza habari ya maji. Hata sijakaa vizuri, baba akatokea, fimbo mkononi, na lile koti lake la kijani la jeshi limekunjwa kwapani.

"Nasikia mnafanya mazoezi," akasema. "Na mimi nataka nione changu. Bartolomeo ulimcheza vibaya wewe mchimba kaburi. Ulimaliza muda wote kwenye mguu."

"Maiti anakuja na miguu yake!" Romana akapiga makofi. "Leta koti, maiti wangu. Kaa pale. Ukikohoa nakufukuza."

Baba akakaa kwenye kigoda, amejinyoosha kama mgeni wa heshima. Alitaka kuona nini? Nadhani alitaka aone yule Gaspar aliyepanda miti bila kamba na kushusha mizinga kumi kwa siku. Na Romana hakumnyima. Alivaa koti, lilimfika magotini, akapanda mti usiokuwepo, akapuliza moshi, akapigwa na nyuki sikioni, akatukana kwa Kipimbwe matusi yale yale ya baba. Baba alicheka hadi akafuta macho kwa kiganja. Nami nilicheka.

Kisha Romana akashuka kwenye ule mti. Akachechemea hadi kwenye mtungi wa maji. Akanywa kata moja, akanywa ya pili, akatazama huku na huku, akanywa ya tatu. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi akifunga suruali isiyokuwepo, akaenda moja kwa moja mtungini. Akanywa. Akaenda tena nyuma. Safari hii alirudi akipiga mguu chini, anafuta kitu kwenye pindo la koti.

"Sisimizi," akasema kwa sauti ya baba. "Wanafuata asali hawa."

Neno hilo nililijua. Kwetu nyumbani tulilisema kila siku. Sisimizi walikuwa wanatambaa kwenye suruali za baba, na walikuwa wamefanya njia yao nyuma ya nyumba pale anapojisaidia, na sote tulisema ni asali, mrina asali hakosi sisimizi. Mama alikuwa anamwaga majivu pale, basi.

Romana akasimama wima, akavua koti, akaongea kwa sauti yake mwenyewe.

"Asali gani, Gaspar? Mwaka huu hujapanda mti hata mmoja. Mizinga yako iko porini, imejaa, fisi-maji wanakucheka. Hao sisimizi wanalamba nini?"

Fisi-maji hawana habari na asali, lakini hakuna aliyemsahihisha. Baba alikuwa ameacha kucheka. Alitazama chini, na mimi nikayafuata macho yake hadi kwenye kiatu chake cha kushoto, ambacho alikuwa amekichana pembeni kwa kisu ili kidole kipumue.

Nilijua. Maji, mkojo, kukonda, sisimizi, kidonda kisichopona: tulifundishwa darasani, nikapasi mtihani, na tangu kiangazi kianze nilikuwa nikikanyaga sisimizi wale wale nikienda kuoga. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Na Bartolomeo tulimzika kwa uzee, kwa mwandiko wangu.

"Baba," nikasema.

"Usiniulize kitu, mama yangu," akasema haraka. "Ni uzee. Na Mpanda siendi. Mguu wangu nitazikwa nao."

Akainuka, akachukua koti lake, akaondoka akijitahidi asichechemee. Moyo wangu uliniuma kuliko nilivyowahi kuumwa. Nilimpenda, nilikuwa na dawa ya kumpima kwenye kabati langu, umbali wa kutupa jiwe, na sikuweza kumwambia mzee huyo maneno mawili: leta mkojo.

"Wewe huwezi," Romana akasema, kama amenisikia. "Mimi naweza. Una chupa?"

Asubuhi yake nilikuwa napima watoto, kina mama wamejaa kwenye benchi, Bibi Romana akaingia bila kupiga hodi, ameshika chupa ya dawa ya kikohozi niliyompa, juu juu kama mwenge wa Uhuru.

"Nimekuletea pombe ya baba yako!" akatangaza. "Kanifukuza na fimbo mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia, usiponipa, siku ya tanga lako nitacheza namna unavyopigwa na mkeo. Akanipa."

Kina mama walicheka hadi watoto wakaanza kulia. Niliingia chumba cha ndani, nikafunga mlango. Nikaweka ile dawa ya bluu kwenye mrija wa kioo, matone manane ya mkojo, nikawasha taa ya spiriti. Kama hakuna sukari, bluu inabaki bluu. Niliomba Mungu ibaki. Ikawa kijani. Nikaendelea kupasha. Ikawa njano, kisha ikatulia kwenye rangi ya tofali lililochomwa vizuri.

Nilitoka na ule mrija mkononi. Romana akautazama.

"Anakufa?" akauliza polepole.

"Hapana. Sio kwa hili, tukiwahi."

"Basi atapanda lori. Hilo niachie mimi."

Sijui alimwambia nini. Baba hakunisimulia, na Romana alisema ni mambo ya maiti na mchimba kaburi. Ninachojua ni kwamba Alhamisi ile baba alikuwa wa kwanza kwenye lori la mpunga, amevaa lile koti, amekaa juu ya magunia kama diwani, na mimi pembeni yake na fomu zangu kwenye bahasha. Tulipita mbugani tumejifunika nguo kichwani kwa sababu ya mbung'o. Pale Sitalike aliomba lori lisimame mara mbili, na mara zote mbili nilitazama viboko mtoni kwa makini sana hadi aliporudi.

Tulifikia Kawajense, pale pale Mpanda, kwa binamu yetu. Daktari wa wilaya, yule wa wino mwekundu, kumbe alikuwa kijana mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya. Alikiangalia kidole cha baba, akakibonyeza, akanusa, akasema maneno niliyosafiri kutwa nzima kuyasikia: kidole kitapona, mguu utabaki. Vidonge kila asubuhi, kidonda kioshwe kila siku, chai bila sukari, asali marufuku.

"Asali," baba akasema. "Mimi?"

"Wewe, mzee."

Baba alifikiri. "Na kuirina?"

"Kurina ruksa. Usilambe vidole."

Kisha daktari akafungua bahasha yangu. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Akaniuliza haya yote nimeyapata wapi, maana wazee hawa karibu wote hawakupimwa na mtu. Nilimweleza habari ya watani. Akaweka kalamu chini, akaomba nianze upya, polepole. Akasema hawezi kuapa kwamba kila neno ni sahihi, wala watu arobaini na mmoja si wengi, lakini kwamba watoto wa upagazi wanakufa kifo tofauti na cha kaka zao, hilo hata yeye alianza kuliona wodini. Hakukata kitu kwa wino mwekundu. Nilitoka pale natembea juu juu.

Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na moja zilikuta kidole kimefunga, ngozi mpya laini. Sisimizi nyuma ya nyumba wakahama wenyewe. Baba alirudi kwenye mizinga yake, akarina, akatuletea debe zima, akakaa anatutazama tukila. Alikuwa amenenepa kidogo, na tundu moja la mkanda alikuwa ameliacha.

Jumapili moja baada ya misa aliniambia nimsindikize. Alikuwa amebeba kanga ya mama, chini ya kwapa. Tulikwenda hadi kwa Romana, naye alikuwa kibarazani kama kawaida.

"Maiti wangu, mbona umenona? Utanivunja mgongo nikikubeba."

"Kaa pale," baba akasema. "Leo ni zamu yangu."

Akajifunga kanga kiunoni. Mzee mzima wa miaka sitini, na midomo ameikunja ndani ili meno ya mbele yasionekane. Nilianza kucheka kabla hajapiga hatua. Alimcheza akipeta, akichungulia nyumba za watu, akinifokea mimi. Romana alijishika mbavu. Kisha baba akatwika ndoo ya maji isiyokuwepo, akaanza kupanda kutoka kisimani. Hatua kumi, akasimama. Akaweka kiganja chini ya titi la kushoto, akafumba macho, akajifanya anarekebisha kanga. Hatua nane, akasimama tena. Hatua tano.

Romana hakucheka tena.

"Nilidhani ni maringo," baba akamwambia, bado ameshika kifua. "Tangu mwaka juzi nilikuwa nakuona, nikakuweka akiba ya siku ya tanga lako. Nisamehe."

Romana alichukua ungo wake, akapeta mara mbili, hamna kitu ndani ya ungo. Nilikaa karibu naye. Mwishowe akanyoosha mkono, akachomoa mfukoni mwangu kipimo cha kusikilizia moyo, nilichokuja nacho kwa sababu baba alinisisitiza nikibebe, akaniwekea masikioni mwenyewe.

Nilisikiliza kwa muda mrefu. Moyo ulikuwa unakwenda, unaruka, unakwenda.

"Lori la Mpanda linaondoka lini?" akauliza.

"Alhamisi, bibi."

Akamgeukia baba, aliyekuwa bado amejifunga ile kanga, na akamnyooshea kidole.

"Na wewe usithubutu kufa nikiwa huko," akasema. "Nikirudi nikukute. Nimeshaharibu kipande changu kizuri cha kuchechemea kwa ajili yako, sasa lazima nijifunze upya namna unavyotembea."